Slaidi Namba 114

Mvua ya Valdivia haina adabu:
hutangulia wanafunzi maabara,
hulowesha makoti, hutia ukungu madirishani.
Mimi ndiye fundi wa vioo.
Miaka thelathini na mmoja nimesaga meno juu ya jiwe,
kwa unga na maji na ncha ya kidole,
mpaka gego la mtu likawa jembamba
kiasi cha kusomea gazeti upande wa pili.

Zamani kila mmoja na hadubini yake,
jicho hili wazi, lile limefinywa kama la mlenga shabaha,
na Daktari Oyarzún akipita nyuma ya migongo:
Umeiona dentini? Nimeiona.
Na vijimfereji vyake? Navyo pia.
Akiinama kuhakiki, anakuta nini?
Kijana amechora ukope wake mwenyewe.
Mwenye macho haambiwi tazama!
Hawa waliambiwa tazama kutwa nzima
wakatoka na kope daftarini.

Mwaka huu ikaja skana,
sanduku jeupe lingurumalo kama paka aliyeshiba.
Nikalilisha vioo vyangu, kimoja kimoja,
mia mbili na sita.
Vitatu vilikuwa na ufa.
Kimoja nilikidondosha
(sisemi ilikuwa bahati mbaya).

Sasa jino limetandazwa ukutani
pana kama shuka la kitanda cha wawili,
waridi na zambarau,
na wote ishirini na wanne wanaliona lile lile.
Fresia anasogeza kidole, tunashuka
kutoka taji hadi shingo, kutoka shingo hadi kiini,
mpaka seli zimejipanga mbele yetu
kama watu wanaongoja mkate.
Hakuna wa kusema nimeona kama hajaona.
Na hakuna, nakiri, anayenusa zailini,
wala anayejua uzito wa sanduku la vioo
ukipanda nalo ngazi mwezi wa saba.

Halafu ikafunguka mia na kumi na nne.
Hii haina waridi. Enameli hufa kwenye asidi,
ndiyo maana ilisagwa kwa mkono:
rangi ya chai iliyopoa,
na katikati yake mstari mmoja mweusi.

"Huu ni nini?" akauliza Fresia.
"Mstari wa kuzaliwa," akasema Daktari.
"Ya ndani ilijengwa tumboni.
Ya nje, baada ya pumzi ya kwanza.
Hapo katikati wajenzi walishtuka,
wakaweka zana chini kidogo."
Renato akachomeka bendera ndogo ya njano, akaandika:
*Mnene sana. Uzazi mgumu?*
"Usikimbilie," akaambiwa. "Jino moja si ushahidi."

Kweli, si ushahidi.

Huku kwetu panya huchukua jino chini ya mto
akaacha sarafu.
Panya wa nyumba yangu alivaa slipa zangu.
Aliacha peso mia,
akaenda kazini asubuhi na jino ndani ya kiberiti.

Saa kumi na tisa. Umeme ulikatika mara mbili.
Kitovu kilimzunguka shingo,
akatoka buluu kama wino, kimya,
na mkunga akampiga, akampiga tena.
Kwenye cheti waliandika uzito na urefu.
Mengine yote aliyaandika yeye mwenyewe,
mahali ambapo ulimi haufiki.

Eliseo sasa anachomelea meli Punta Arenas.
Hupiga simu Krismasi, akikumbuka.

"Bi Otilia," Daktari akageuka,
"kioo hiki tulikipata wapi?"
"Kwenye kiberiti," nikasema.
Darasa likacheka.
Fresia hakucheka; alisogeza kidole,
akaukuza mstari mpaka ukajaa ukuta,
barabara nyeusi yenye kingo za chai,
akauacha hapo muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Usiku huu wataufungua tena majumbani,
vikombe mkononi, soksi zikikauka karibu na jiko,
usiku wangu ule, kwenye skrini ishirini na nne.

Walipotoka nilizima taa
nikaenda kuosha jiwe.
Lilikuwa kavu.
Nikaliosha.